Chungu kilichochorwa ukutani: Filamu zilivyoipunguza njaa ya Pinocchio

NA MWANDISHI WETU

Umeme ulikatika filamu ikiwa katikati. Ilikuwa Jumamosi jioni, na mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa amejilaza mkekani akitazama Pinocchio ya Walt Disney: yule mtoto wa mbao, nyenje mwenye kofia na mwavuli, na mzee Geppetto katika nyumba iliyojaa saa za ukutani, kila moja ikilia kwa sauti yake. Giza likatanda. Akaniomba nimalizie mwenyewe kwa mdomo.

Kitabu nilikuwa nacho mezani. Mhariri alikuwa amenipa kazi wiki hiyo ya kulinganisha riwaya hii ya watoto na filamu zake. Nikawasha tochi ya simu nikaanza kumsimulia, lakini si kuanzia pale filamu ilipokatikia. Nilirudi mwanzo kabisa, kama Carlo Collodi alivyoandika, hadi nikafika sura ya tatu, ndani ya chumba cha Geppetto.

Ni chumba cha chini, kinachopata mwanga kutoka chini ya ngazi. Kiti kibovu, kitanda hakifai, meza imekwisha. Kwenye ukuta wa nyuma pana meko yenye moto unaowaka, na kando ya moto chungu kinatokota, mvuke ukipanda juu. Ila moto huo umechorwa. Chungu nacho kimechorwa. Hata mvuke ni rangi tu.

Mpwa wangu akanikatiza. "Mjomba, sasa walikuwa wanakula nini?"

Muda wote aliokaa mbele ya filamu hakuwa ameliuliza swali hilo. Nyumba yenye saa nyingi kiasi kile, paka aliyenona na samaki kwenye bakuli la kioo, haimtumi mtoto kuuliza habari za chakula. Mimi swali lile halikunitoka tena. Nililibeba hadi kwenye kila filamu ya Pinocchio niliyoitazama kwa ajili ya makala haya.

Mtoto wa mpishi

Jina halisi la mwandishi ni Carlo Lorenzini. Alizaliwa Florence mwaka 1826, baba yake akiwa mpishi katika nyumba ya ukoo wa kitajiri wa Ginori, na mama yake akitokea katika kijiji cha Collodi, huko huko Toscana. Jina la kijiji hicho ndilo alilolichukua kuwa jina lake la uandishi. Walizaliwa watoto kumi, na wengi wao walikufa wangali wadogo.

Kwa hiyo alikulia karibu na vyungu vilivyochemka kweli, vya watu wengine. Sidhani kama jambo hilo ni dogo unapokisoma kitabu chake.

Alikuwa mwanagazeti. Alikwenda vitani mara mbili, mwaka 1848 na 1859, kupigania Italia iliyo huru na moja. Baadaye alifasiri hekaya za Kifaransa na kuandika vitabu vya shule. Julai 1881, akiwa na miaka 54, alianza kutoa hadithi ya kikaragosi kwa vipande katika gazeti la watoto lililochapwa Roma.

Oktoba mwaka huo huo aliimaliza kwa namna ambayo mhariri wa leo asingeikubali. Mbweha na Paka, matapeli wawili, wanamvizia Pinocchio usiku, wanamnyonga kwenye mwaloni mkubwa, naye anakata roho akimwita baba yake. Mwisho.

Wasomaji walilalamika, wakataka mtoto wao arudishwe. Collodi akarudi kuandika Februari 1882, akamfufua, akamaliza Januari 1883, na mwaka huo huo kitabu kikatoka Florence kikiwa na michoro ya Enrico Mazzanti. Collodi alikufa mwaka 1890, kabla ya dunia kulijua jina la kikaragosi wake.

Njaa inayotembea

Muulize mtu yeyote Pinocchio ni nani, atakwambia ni yule ambaye pua yake hurefuka akisema uongo. Filamu ndizo zilizotufunza hivyo. Kitabuni pua hurefuka kwa sababu ya uongo mara chache tu, na mara ya kwanza kabisa inarefuka Geppetto akiwa bado anaichonga: anakata, nayo inazidi kwenda.

Mara inayofuata ndiyo iliyonishika. Geppetto amewekwa mahabusu kwa kosa la kikaragosi wake. Pinocchio yuko peke yake, njaa inamtafuna. Anakikimbilia kile chungu ili afunue kifuniko aone kuna nini, mkono unagonga ukuta. Pua yake, iliyokuwa ndefu tayari, inaongezeka kama vidole vinne. Hajasema uongo wowote. Yeye ndiye aliyedanganywa, na ukuta.

> Pua inarefuka mtoto akiwa hajasema uongo. Yeye ndiye aliyedanganywa, na ukuta.

Baada ya hapo Collodi haachi. Pinocchio anaokota yai kwenye takataka, analivunja ili akaange, kifaranga kinatoka, kinamshukuru kwa adabu na kuruka dirishani. Anatoka kwenye upepo na radi kuomba mkate, mzee mmoja anamwagia beseni la maji kutoka ghorofani. Anarudi ameloa, analala na miguu juu ya seredani ya makaa, na alfajiri miguu imekuwa majivu.

Geppetto anarejea asubuhi. Mfukoni ana mapea matatu, matunda ya nchi za baridi yenye umbo kama la parachichi, na hayo ndiyo kifungua kinywa chake. Anampa mtoto yote. Mtoto, anayelia njaa, anadai yamenywe kwanza. Mzee anamenya bila ugomvi na kuyapanga maganda kwenye pembe ya meza. Pinocchio anakula tunda la kwanza na kutaka kutupa kokwa, mzee anamzuia mkono. Yanakwisha matatu. Bado ana njaa. Anakula ganda moja kwa kukunja uso, kisha la pili, kisha yote, na makokwa juu yake, na mwisho anajipapasa tumbo kwa raha.

Hakuna hotuba hapo. Hakuna anayemwambia mtoto kwamba chakula hakichezewi. Ni maganda tu, yaliyopangwa kwenye pembe ya meza na mtu aliyejua yatahitajika.

Ukurasa unaofuata mzee anauza koti lake. Theluji inaanguka, naye anarudi amevaa shati tupu, mkononi ana kitabu cha alfabeti. Anaulizwa koti liko wapi, anajibu ameliuza kwa kuwa lilikuwa linamletea joto. Ikumbukwe kwamba sheria ya mwaka 1877 ilikuwa imewalazimisha watoto wa Italia wa miaka sita hadi tisa kwenda shule. Kitabu cha kusomea ilikuwa juu ya mzazi. Yeyote aliyewahi kuona nyumbani kwao kitu kinauzwa mwezi wa Januari ili mtoto apate sare na madaftari hahitaji kufafanuliwa ukurasa huo.

Na kuna utani mmoja ambao Mswahili ataupata haraka kuliko wengine. Geppetto huvaa wigi la njano, na watoto wa mtaani wanamtania kwa jina Polendina, kutokana na polenta. Polenta ni ugali wa mahindi ya njano. Mzee hana chakula ndani, na kichwani anaitwa ugali.

Nyumba ya saa nyingi

Filamu ya Disney ilizinduliwa New York tarehe 7 Februari 1940. Ilikuwa filamu ndefu ya pili ya katuni ya studio hiyo baada ya ile ya Snow White, na iligharimu zaidi ya dola milioni mbili, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Vita vilikuwa vimefunga masoko ya Ulaya, na ilipotoka mara ya kwanza haikurudisha gharama. Ilipata tuzo mbili za Oscar, ya wimbo na ya muziki.

Disney alisimamisha kazi katikati kwa sababu Pinocchio waliyemchora wachoraji wake mwanzo, mkaidi na wa mbao hasa, hakupendeka. Wakamlainisha, wakampa mashavu na glavu nyeupe. Nyenje naye, ambaye kitabuni anapigwa nyundo ya mbao na kubaki amegandamana ukutani katika sura ile ile anayotokea, akapewa jina, nyimbo na kazi ya kuwa dhamiri ya mtoto.

Badiliko kubwa zaidi, kwa maoni yangu, liko kwingine. Geppetto wa kitabuni anatengeneza kikaragosi ili azunguke nacho duniani akichezesha watu, apate kipande cha mkate na glasi ya divai. Geppetto wa Disney ana mkate. Anachokosa ni mtoto, hivyo anaiomba nyota. Hadithi ya mtu anayetafuta riziki imegeuka hadithi ya mtu anayetimiziwa ndoto.

Njaa yenyewe haikufutwa kabisa, na ni haki kulisema hilo. Ndani ya tumbo la nyangumi, mzee na paka wake wanakaribia kufa njaa hadi kundi la jodari linapomiminika. Lakini hapo njaa ni ajali ya safarini. Haiko nyumbani, haitokani na umaskini, na inakwisha kwa wimbi moja. (Msomaji wa pwani ataona jingine: kitabuni mnyama huyo si nyangumi. Ni papa, tena mwenye pumu, anayelala mdomo wazi, na ndiyo sababu wanatoka wakitembea.)

Dada yangu, mama yake mpwa wangu, hakubaliani nami. Kesho yake asubuhi alinijia na swali lake: "Kaka, umemsimulia mtoto habari za kunyongwa usiku?" Hoja yake ni nzito. Neno kitabuni mtoto hulichora mwenyewe kichwani, kwa kadiri anavyoweza kubeba. Picha kwenye skrini haimpi nafasi hiyo. Nyenje wa Collodi anakufa kwa sentensi moja. Nyenje mwenye uso, macho na sauti akipondwa mbele ya ukumbi wenye watoto mia tano ni kitu kingine.

Isitoshe, Disney hakuogopa kuwatisha watoto kama tunavyodhani. Pale Lampwick, rafiki wa Pinocchio, anapogeuka punda, akiona kwato mahali pa mikono na kumlilia mama yake, kisha sauti inakatika kuwa mlio wa punda, ni moja ya sehemu za kutisha kuliko zote zilizowahi kuchorwa kwa ajili ya watoto. Wavulana wengine waliogeuka punda wanatiwa kwenye makreti na kuuzwa, na filamu hairudi kuwatafuta. Disney alikubali watoto waogope. Hakukubali waone sahani tupu juu ya meza ya nyumbani.

Studio hiyo hiyo ilipoirudia hadithi mwaka 2022, safari hii Tom Hanks akiwa Geppetto chini ya mwongozaji Robert Zemeckis, ulaini ulizidi na kitisho kikapungua. Nimeitazama mara moja, inatosha.

Warusi walitoboa ukuta

Aliyekitilia maanani kile chungu kuliko wote hakuwa mtu wa filamu. Alikuwa mwandishi wa Kirusi, Aleksey Tolstoy, aliyeisimulia upya hadithi hii mwaka 1936 na kumwita mtoto wa mbao Buratino. Aliyemchonga, baba Carlo, naye ana meko na chungu vilivyochorwa kwenye turubai kuukuu. Buratino, kwa njaa na udadisi, anachokoa chungu kwa pua yake ndefu. Turubai linatoboka. Nyuma yake kuna mlango mdogo.

Kitabu kizima kuanzia hapo ni kuutafuta ufunguo wa dhahabu wa mlango ule, na ukifunguliwa, ndani kuna jumba la maonyesho la vikaragosi, mali yao wenyewe. Kiligeuzwa filamu mwaka 1939 mikononi mwa Aleksandr Ptushko, na tena kwa ajili ya televisheni mwaka 1975, na vizazi vya watoto wa Urusi vinamjua Buratino kuliko Pinocchio.

Nampenda Tolstoy kwa wazo hilo, na bado nina shaka nalo. Kwake picha ya chakula inaficha utajiri. Kwa Collodi inaficha ukuta.

> Kwa Mrusi, chungu kilichochorwa kinaficha mlango. Kwa Collodi kinaficha ukuta.

Waitaliano mezani

Italia yenyewe ilianza kumpiga picha Pinocchio mwaka 1911, katika filamu ya kimya ya Giulio Antamoro, akiigizwa na mtu mzima. Kosa hilo la kumpa mtu mzima nafasi ya mtoto lilirudiwa mwaka 2002 na Roberto Benigni, aliyekuwa anakaribia miaka 50 alipovaa nguo za kikaragosi. Ni mwigizaji ninayempenda sana, lakini mtu mzima akilia njaa kwa sauti ya mtoto, unamwona mwigizaji, huioni njaa.

Kazi iliyobaki mioyoni mwa Waitaliano ni ya Luigi Comencini, iliyorushwa na televisheni ya Italia, RAI, mwaka 1972 kwa sehemu kadhaa. Gina Lollobrigida ni Malaika wa nywele za buluu, Nino Manfredi ni Geppetto, na hakimu ni Vittorio De Sica, yule yule aliyetengeneza filamu ya wezi wa baiskeli. Comencini alifanya jambo la kijasiri. Kitabuni kikaragosi anakuwa binadamu mwisho kabisa, kama zawadi. Comencini anambadilisha mapema kabisa, na kila akikosea anarudishwa kuwa mbao. Mtoto aliyemchagua, Andrea Balestri, ana macho ya mtoto aliyezoea mtaa. Akidai chakula, unasadiki.

Kisha Matteo Garrone, mwaka 2019. Huyu ndiye aliyelijibu swali la mpwa wangu. Filamu yake inafungua kwa Geppetto akikwangua gamba gumu la jibini kwa patasi, akiokota chembe. Halafu anakwenda kwenye mgahawa wa kijiji na kuanza kukagua samani: mlango huu umelegea, meza hii inacheza, kiti hiki kitaangusha mtu. Vyote vizima. Mzee anatafuta kazi ili apate bakuli la chakula bila kuomba. Mwenye mgahawa anaelewa, na anampa.

Anayeigiza Geppetto huyo ni Benigni yule yule. Miaka 17 baada ya kukosea, amerudi akiwa na umri unaomfaa, na hana haja ya kupiga kelele. Sehemu ile ya mgahawa haimo kitabuni hata kwa neno moja. Nakuambia ni ya Collodi kuliko sehemu nyingi zilizonakiliwa kwa uaminifu.

Garrone pia alimrudisha hakimu, ambaye kitabuni ni gorila mwenye miwani isiyo na vioo. Pinocchio anapeleka malalamiko kwamba ameibiwa sarafu zake za dhahabu, na gorila anaamuru afungwe yeye aliyeibiwa. Miezi minne. Msamaha unapotolewa ni kwa wahalifu tu, hivyo mtoto analazimika kukiri kwamba naye ni mhalifu ili atolewe. Disney aliliacha jambo hilo lote. Sielewi kwa nini, kwa sababu mtoto yeyote aliyewahi kuchapwa kwa kosa la mwingine angelicheka na kulikumbuka.

Uongo uliookoa baba

Mwaka 2022 Guillermo del Toro wa Mexico, akiwa na Mark Gustafson, alitoa Pinocchio ya vikaragosi halisi vinavyosogezwa kidogo kidogo mbele ya kamera, na mwaka uliofuata akapata Oscar ya filamu bora ya katuni. Aliihamishia hadithi katika Italia ya Mussolini. Geppetto amempoteza mwanawe Carlo kwa bomu la Vita vya Kwanza vya Dunia. Analewa, anakata msonobari ulioota kaburini, na kwa hasira anachonga mtoto wa kuziba pengo.

Kwa upande wa kitabu, hii ni filamu isiyo tiifu hata kidogo. Collodi anamtaka mtoto atii. Del Toro anatuonyesha nchi ambayo kila mtu anatii, mkono umenyooshwa juu, na mtoto mmoja wa mbao anayekataa. Na pale kwenye tumbo la mnyama wa baharini anafanya jambo ambalo lingemkera mwalimu yeyote wa karne ya 19: Pinocchio anaambiwa aseme uongo, uongo mwingi, ili pua irefuke iwe daraja, na watu watoke juu yake.

Wapo wanaosema huo ni usaliti wa kitabu. Naona vingine. Kitabu hiki kimejaa watu wazima wanaodanganya: matapeli, hakimu, mwenye gari la kuwapeleka watoto Nchi ya Michezo, ambako hugeuka punda, hata Geppetto mwenye upendo anayesema koti lilimletea joto. Uongo wa Geppetto ulimpeleka mtoto shule. Del Toro aliisoma sentensi hiyo vizuri kuliko wengi walioinakili.

Jambo moja tu linanibakisha na deni naye. Njaa ya filamu yake ni ya msiba. Ya tumbo imebaki kitabuni, na kwa Garrone.

Ndoo mia

Umeme haukurudi usiku ule. Niliendelea kusimulia hadi sura ya mwisho, ambayo filamu nyingi huikimbilia kwa ajili ya kumwona kikaragosi akigeuka mtoto.

Kabla ya kugeuka, Pinocchio yuko na baba yake mgonjwa kwenye kibanda cha majani, baada ya kumtoa ndani ya papa. Anataka glasi moja ya maziwa. Hana senti. Mkulima wa jirani anamwambia azungushe gurudumu la kisima. Kazi hiyo ilikuwa ya punda wake, lakini punda yuko hoi. Pinocchio anamwendea punda kwenye zizi na kumtambua. Ni rafiki yake waliyekwenda naye Nchi ya Michezo, yule ambaye Disney alimwacha akilia. Kitabuni tunamwona tena. Anafumbua macho, anataja jina lake, anakufa kwa njaa na kazi.

Pinocchio analia. Kazi ya punda sasa ni yake. Malipo yake ni haya: avute ndoo mia za maji, apate glasi moja ya maziwa.

Nilitaka kuendelea. Mpwa wangu, ambaye bomba la mtaani kwao likikauka hutumwa kisimani, alikuwa ameketi wima gizani.

"Mjomba," akaniuliza, "ndoo kubwa au ndogo?"